Mtumba wa Kwanza Haukuwa wa Nguo Kuukuu

Fundi wangu yuko Kawangware, karibu na 46. Ni mzee, ana cherehani ya kukanyaga yenye imenizidi umri, na haongei sana. Mwaka jana nilimpelekea kitambaa anishonee mashati. Pamba nzito kiasi, ile ya uzi mnene, ukipitisha kidole juu yake unasikia matuta madogo madogo. Pembeni kuna mistari ya rangi, kama kikoi. Nilikuwa nimekinunua Biashara Street, tao, jora mbili. Mpango ulikuwa mashati arobaini, na ndani ya shingo lebo ndogo yenye niliandika mwenyewe: "Kitambaa cha Kenya. Limeshonwa Nairobi."

Mzee akashona. Nikauza 28 kwa wiki tatu, karibu yote kwa nyinyi wenye mnanisoma hapa. Siku nilienda kuchukua ya mwisho, akanyoosha lebo na kidole gumba, akaisoma polepole, akaniangalia juu ya miwani.

"Kijana, hii kitambaa umesema ni ya wapi?"

"Ya Kenya, mzee."

Akasema "Mm." Akachukua kipande kilichobaki, akachomoa uzi mmoja, akauwasha na kiberiti. Uliwaka kama karatasi, ukanuka kama karatasi, ukaacha jivu laini. "Pamba ni pamba kweli. Hapo hawajakudanganya. Ingekuwa ile ya plastiki ingeyeyuka ibaki kidonge kigumu." Halafu akanishikisha ukingo wa kitambaa. "Mimi nilikaa kwa mashine za kufuma miaka saba, mpaka kiwanda kikafungwa. Kitambaa kama hii, hiyo bei yenye uliniambia, Kenya ya saa hii? Enda uulize vizuri."

Nikarudi tao. Muuzaji hakunificha chochote. "Hii inatoka India. Wewe hukuuliza."

Na ni ukweli, sikuuliza. Niliona mistari nikasema kikoi. Kikoi ni cha Pwani, Pwani iko Kenya, basi kitambaa ni cha Kenya. Hesabu ya mtu mwenye ameshaamua jibu kabla asome swali.

Kwa hivyo nilikuwa nimeuzia watu 28 uongo, na pesa yao nilikuwa nimeshalipa rent. Nilijua lazima niwaambie. Lakini kabla niwaambie, nilitaka kujua ukweli wenyewe ni upi: kitambaa cha Kenya kilienda wapi, na kama kiliwahi kuwepo. Nikaanza kukaa McMillan, ile maktaba kubwa ya nguzo pale Banda Street. Chuo niliacha, lakini mlangoni hapo hawakuulizi hiyo.

Tulikuwa tunafuma

Kuna stori tumelishwa tangu primary: ati watu wa huku walikuwa wanavaa ngozi na majani, halafu meli zikaja na nguo. Kwa bara, ngozi ni kweli, na kuilainisha ngozi mpaka ivalike ni ustadi, si kitu cha kuonea aibu. Lakini Pwani ilikuwa hadithi nyingine kabisa.

Ibn Battuta alipita Mogadishu mwaka 1331 na akaandika kwamba vitambaa vinavyofumwa pale vinapelekwa mpaka Misri. Misri, maze! Nchi yenye ilikuwa inafuma tangu enzi za Firauni ilikuwa inanunua kitambaa kutoka huku kwetu. Kilwa, kule Tanzania, waakiolojia wamechimbua vigurudumu vidogo vya udongo vyenye tundu katikati, vingine vimechongwa kutoka kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika. Ni vya kusokotea uzi. Mtu alivunja chungu, akaona badala ya kutupa achonge kitu cha kutengeneza uzi wa pamba. Na Pate, kwa kina Lamu, Wareno walipofika walikuta vitambaa vya hariri vyenye vilikuwa vimejijengea jina pwani nzima.

Lugha yenyewe ni ushahidi. Anayefuma anaitwa mfumi. Zile nyuzi zinazotangulia kutandazwa na kukazwa zinaitwa mtande. Ule uzi unaopita katikati yao, juu, chini, juu, chini, ni mshindio. Haya ni maneno ya watu wenye kazi walikuwa wanaifanya.

Na ukishajua mtande na mshindio, utaanza kuona nguo tofauti. Ile jaketi ya koduroi uliokota Toi ukaringa nayo? Hiyo mistari ya manyoya ni mshindio wa ziada, umeachwa unaelea juu ya kitambaa, halafu ukakatwa na wembe na kupigwa brashi mpaka ukasimama. Yale mashati mepesi ya mistari, mstari mmoja laini, mwingine umejikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa kwa maji? Mtande mmoja ulikazwa, wa pili ukalegezwa, basi. Hakuna mashine ya kukunja. Hicho kitambaa kilianzia India, na jina lake la Kizungu limetoka kwa maneno ya Kiajemi yenye maana ya maziwa na sukari, laini na chenga chenga. Sukari hiyo hiyo yenye iko kwa chai yako: neno limesafiri na majahazi yale yale yaliyobeba vitambaa.

Kikoi nacho ni ufumaji rahisi kuliko yote, juu moja, chini moja. Urembo wake uko kwa mtande: nyuzi za rangi zinapangwa pembeni kabla hujafuma hata sentimita moja. Na vile vishada vya mwisho, vyenye sisi tunaona ni mapambo, ni mtande uliobaki, unasokotwa ndio kitambaa kisifumuke.

Kwa hivyo swali langu lilibadilika. Sikuuliza tena kama tuliwahi kufuma. Niliuliza: nani alituzima?

Kitambaa chenye jina la nchi

Uliza shosho yako kama anajua merikani. Atajua. Ni ile pamba nyeupe isiyo nyeupe sana, rangi ya maziwa yaliyokaa, ngumu kidogo, haijapaushwa. Neno lenyewe limekaa kwa lugha yetu hadi hatulisikii tena. Lisikize sasa: merikani. Marekani.

Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 Marekani ikaweka balozi mdogo Zanzibar, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Meli za Salem zilikuwa zinakuja na merikani na kurudi na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Kwa miaka kama thelathini, kitambaa hicho kilitawala soko la Afrika Mashariki.

Sehemu yenye ilinishika ni hii. Si Wamarekani walichagua kitambaa gani kije huku. Wateja walichagua. Watu wa bara walikuwa wanakishika, wanakivuta, wanakipima, na kama si chenyewe wanakikataa. Waingereza wa Manchester walijaribu kuiga. Shida ni kwamba vitambaa vyao vilijazwa wanga ndio vionekane vizito. Ukifua mara moja, wanga unaenda na maji na unabaki na kitu kama chandarua. Watu walijua kwa vidole, bila kusoma lebo yoyote. Miaka ya 1840 Salem ikajenga kiwanda chake yenyewe, Naumkeag Steam Cotton Company, na Zanzibar ikawa kati ya masoko yake. Yaani mama fulani wa Ukambani kukunja uso mbele ya kitambaa kilikuwa kitu cha kusikilizwa mpaka ng'ambo ya bahari.

Hadi hapo nilikuwa nasoma nikitabasamu. Halafu nikauliza swali lenye fundi alinifundisha: pamba yenyewe ilitoka wapi?

Ilitoka Kusini mwa Marekani, mashambani, ikavunwa na watumwa. Watu wenye mababu zao walitolewa Afrika. Ikafumwa kule Kaskazini, ikapakiwa Salem, ikateremshwa Zanzibar, ikafungwa mizigo, ikaingia bara kununua pembe za ndovu. Na watu. Kitambaa kimoja, utumwa upande huu na utumwa upande ule. Nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai.

Maneno yenye yamebaki kwa mdomo

Msafara wa kwenda bara ulibebwa na wapagazi. Kila mmoja mzigo wake ulikuwa kama paundi 60 au 70, kilo thelathini hivi, na mzigo wa kitambaa uliofungwa vizuri ulikuwa na jina lake. Uliitwa mtumba.

Soma tena. Mtumba. Wingi, mitumba.

Mimi nilikuwa nafikiri hili neno lilizaliwa Gikosh. Kumbe limezunguka nchi hii tangu enzi za misafara, na wakati huo ndani ya mtumba kulikuwa na kitambaa kipya kabisa, hakijavaliwa na mtu. Neno halijabadilika. Kilicho ndani ndicho kimebadilika.

Kuna mengine. Shuka ilikuwa kipimo, mikono minne, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole mara nne. Shuka mbili ni doti. Jora ni kitambaa kizima kilichokunjwa, na mpaka leo Biashara Street ukitaka kitambaa cha jumla unaitisha jora. Doti moja ilikuwa pesa: ilinunua chakula, ililipa watu, iliposa. Na kila msafara ukifika kwa mtawala wa eneo ulilipa ushuru wa kupita, kwa doti za kitambaa. Ushuru huo uliitwa hongo. Leo hongo unaijua wewe mwenyewe, hasa kama umewahi kuendesha nduthi usiku. Tofauti ni kwamba siku hizi hawachukui kitambaa.

Halafu, mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Marekani. Pamba ikakosekana, bei ikapanda, meli zikapungua. Vita viliisha 1865 lakini Salem haikurudi vile ilikuwa. Bombay ilikuwa imeanza kujenga viwanda vyake vya pamba miaka ya 1850, na kufikia miaka ya 1880 India ndiyo ilikuwa imeshika soko la Zanzibar. Kitambaa sasa kilifumwa India. Watu waliendelea kukiita nini? Merikani.

Hapo nilicheka peke yangu maktaba. Zaidi ya miaka mia moja kabla nizaliwe, watu walikuwa wanauziana kitambaa cha India kwa jina la nchi nyingine. Lebo yangu haikuwa hata uongo mpya.

Dagoretti, 1890

Usifikiri hii ni stori ya Pwani na Zanzibar tu. Kama unakaa Kawangware, Kangemi, Kikuyu, Dagoretti, hii ni stori ya mtaa wako.

Oktoba 1890, Kapteni Lugard wa kampuni ya Imperial British East Africa alifika maeneo ya Dagoretti, akala kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga, na akajenga ngome ndogo. Kwa nini hapo? Chakula. Misafara ya kwenda Uganda ilihitaji kushiba, na Wakikuyu walikuwa na mashamba. Malipo yalikuwa kitambaa, shanga na waya. Muda mfupi baada ya Lugard kuendelea na safari, watu wa kampuni wakaanza kujichukulia chakula bila kulipa. Ngome ikashambuliwa na kuchomwa. Kampuni ikajenga nyingine Kabete, Fort Smith. Mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa, akapelekwa kuelekea Pwani, na akafa njiani, Kibwezi.

Vitabu vya shule vinaanzia kwa kiapo na kuishia Kibwezi. Katikati wanasahau kwamba hiyo ilikuwa biashara yenye upande mmoja uliamua kuacha kulipa. Ardhi ilifuata baadaye. Kwanza ilikuwa viazi na doti.

Reli ikafika Nairobi mwaka 1899. Nyuma yake yakaja maduka ya Wahindi, mengi yakiuza kitambaa, kwenye mtaa wa mabati ulioitwa Indian Bazaar. Mwaka 1902 tauni ikaingia, na serikali ikauteketeza mtaa mzima kwa moto. Ukajengwa tena. Ukawa Bazaar Street, na baada ya Uhuru ukawa Biashara Street, kule kule nilinunua jora zangu mbili bila kuuliza swali. Wakoloni nao wakaleta kodi ya nyumba, ilipwe kwa rupia, si kwa doti. Hapo kitambaa kikaacha kuwa pesa, na wewe ukalazimika kutafuta kazi ndio upate pesa. Nyanza watu wakahimizwa walime pamba. Pamba ikatoka kwa marobota, ikarudi kama nguo, na faida ilibaki kule ilikoshonwa na kufumwa.

Miaka yenye tulifuma tena

Baada ya Uhuru tulijaribu. Kicomi Kisumu. Mountex Nanyuki. Rivatex Eldoret, iliyojengwa mwaka 1976. Thika Cloth Mills. Pamba ya Nyanza, Magharibi, Pwani na Ukambani ilikuwa inachambuliwa, inasokotwa, inafumwa, inapakwa rangi, inashonwa uniform, yote hapa hapa. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno ya pamba yalikuwa juu. Mzee wangu wa Kawangware alikuwa mmoja wa wale wa mashine. Anasema kelele ilikuwa kubwa hadi wakazoea kuongea na mikono, na bado anafanya hivyo akishona: akitaka mkasi ananyoosha vidole viwili tu.

Kilichokuja kuviua viwanda si kitu kimoja. Wakulima walikuwa wanacheleweshewa malipo, wakang'oa pamba wakapanda kitu kingine. Mashine zilizeeka. Usimamizi ulikuwa vile unajua. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya soko ikafunguliwa, chini ya masharti ya wakopeshaji wa nje, na mitumba ikaingia kwa wingi. Kitambaa kipya cha bei nafuu kutoka Asia kikaingia pia. Kicomi ikazima. Mountex ikazima. Rivatex ikazima. Moi University ikanunua Rivatex mwaka 2007, na mwaka 2019 ikafunguliwa upya na mashine mpya kwa mkopo wa India. Ndiyo, mkopo wa India. Sijui nicheke ama nifanye nini.

Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana wapunguze mitumba hadi iishe mwaka 2019. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Marekani ikatishia kuondoa nafasi ya kuuza nguo kwao bila ushuru chini ya AGOA. Kenya, yenye viwanda kule Athi River vinashona nguo za kuuzwa Marekani, ikajitoa mapema. Rwanda ikakataa kurudi nyuma, na mwaka 2018 ikasimamishwa upande wa nguo.

Weka hizo picha mbili kando kando. Mwaka 1840 Marekani inasikiliza mteja wa bara kuhusu uzito wa kitambaa. Mwaka 2017 Marekani inaambia bara: nguo zetu kuukuu mtachukua. Mtumba ni ule ule. Nguvu ya kukataa ndiyo ilitoka.

Si mama wa Toi

Najua mahali comment zitaenda, kwa hivyo acha nimalize hii mapema. Sisemi mitumba ipigwe marufuku. Mwaka 2020, wakati wa korona, iliingizwa marufuku kutoka Machi hadi Agosti, na wenye waliumia walikuwa watu wa Gikosh na Toi, si wenye waliua Kicomi. Mimi mwenyewe nimevalishwa na Toi maisha yangu yote. Yule mama anakuwekea kamera asubuhi kabla wengine wafike, na jioni anapiga fagia ili asirudi na mzigo, anafanya biashara na kile kilichoachwa mezani. Yeye hakutia sahihi mkataba wowote.

Lakini pia siko na wale wa "nguo ni nguo bana". Mwaka 2004 tulitafuta vazi la taifa, mashindano yakadhaminiwa na sabuni ya Unilever, na saa hii hakuna mtu unamjua analivaa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ikaomba isajili neno "kikoy" kama mali yake ya biashara kule kwao. Watu wakapiga kelele, shirika la Traidcraft na mawakili wakapinga, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Tulishangilia. Nami ningeshangilia. Ila angalia vizuri kile tuliokoa: tuliokoa jina. Kitambaa chenyewe, kingi chenye unaona kimetundikwa tao, tulikuwa tumeshakiacha kiende kufumwa kwingine. Sisi ni wazuri sana kutetea majina. Tunafanana na lebo yangu.

Kwangu mimi hoja ni moja. Serikali ikitangaza "Vaa Kenya" Ijumaa, usiulize shati limeshonwa wapi. Uliza limefumwa wapi, halafu uliza pamba imelimwa wapi, halafu uliza mkulima amelipwa lini. Kushona ni hatua ya mwisho na ndiyo yenye ni rahisi kupigia picha. Kazi nyingi zilikuwa kwa zile hatua tatu za kwanza. Hapo ndipo mzee wangu alikuwa na mshahara, na hapo ndipo mimi na wewe hatuna.

Watu 28

Niliwaandikia wote, mmoja mmoja. Nikasema: nilikosea, kitambaa kimefumwa India, ukitaka pesa yako sema nitarudisha, nipe muda. Watano walitaka, nimeshamaliza kuwalipa. Wengi walisema haina noma. Mmoja akaniambia, "Mimi sikununua lebo, nilinunua shati," na nilitaka sana kukubaliana naye, lakini najua lebo ndiyo ilinifanya niongeze mia tatu.

Kuna dada mmoja alinyamaza siku nne. Halafu akanijibu kwamba shati alikuwa amemnunulia babake. Babake alifanya kazi kwa kiwanda cha nguo Kisumu, akafutwa kilipofungwa, hakuwahi kupata kazi nyingine ya maana. Akaona lebo yangu, akafikiri: acha nimwonyeshe kwamba bado wanafuma. "Sasa nimwambie nini?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia pole, na pole haifanyi kitu.

Mashati yaliyobaki nilitoa lebo zote na wembe, nikaweka nyingine: "Pamba. Imefumwa India. Limeshonwa Kawangware." Mzee alizisoma moja moja kabla azishone, akasema "Mm", lakini ile ingine. Nimeanza kuuliza bei za kitambaa chenye kinafumwa hapa, kwa sababu viwanda vichache bado vinazunguka. Mfuko wangu haujafika huko. Ukifika nitawaambia, na nitawaonyesha risiti.

Wiki iliyopita yule dada aliniandikia tena. Hakurudisha shati. Alikuwa amejikaza akamwambia babake ukweli, na babake akacheka. Akamwambia alijua siku ile ile, alipolishika kola. Hakusema kwa sababu alifurahi kununuliwa kitu.